Sufuria Nilizoziba

Mwajuma, mtoto wa mwanangu,

Salamu sikupi. Tumeonana asubuhi na ukanijibu kwa upande wa mdomo, kama mtu anayetupia kuku punje. Sasa umekwenda kuaga kwa shangazi zako, na najua kila nyumba watakukalisha na kukulisha, kwa hiyo nina jioni yote peke yangu na kalamu ya baba yako. Kesho asubuhi motari atakuja na pikipiki yake kukupeleka Kindu, huko utapanda ndege ya Kinshasa, na mimi koko wako nitabaki hapa Kasongo na mdomo wangu. Mdomo wangu unaujua. Tukianza kusema uso kwa uso utalia, nami nitakutukana, na neno lenyewe litapotea katikati. Ndiyo maana ninaandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na kabla ya hapo chuo cha Kurani. Usicheke herufi zangu, zimesimama vizuri kuliko wewe unavyokaa kwenye kiti.

Sitakuambia uoge, usali, ufunge mlango, usipokee soda ya mwanaume usiyemjua. Mama yako anayasema hayo tangu juzi, mpaka mbuzi wameyashika kwa kichwa. Mimi nina neno moja. Jana ulisema utaiacha ile kazi yako ya mwisho ya shule, kazi juu ya sufuria zangu, na badala yake utaandika juu ya vikapu. Ulisema, "Koko, haidhuru, vikapu pia ni vizuri." Ukatazama chini. Mwajuma, tangu lini wewe ukapenda vikapu?

Ngoja niliseme tangu mwanzo, maana hata mimi nataka nilione jambo hili limekaa mahali pamoja.

Ulipokwenda kusoma nilifikiri unakwenda kujifunza kuchora picha za ukutani, ndege na maua. Nikamwambia baba yako, mtoto ana akili hii yote, unampeleka Kinshasa akachore kuku? Likizo ya kwanza ukaniambia hapana, ni kujifunza kuwaza vyombo: kiti, kikombe, taa, namna kinavyotengenezwa, namna kinavyotumika, na namna kinavyokufa. Ulisema hivyo, kinavyokufa. Kwamba walimu wenu wanasema dunia imejaa vitu vya kufa upesi, ndoo za plastiki zinazopasuka kabla hujazizoea, taa za jua ambazo zikizimika hakuna anayeweza kuzifungua. Kwamba mchoraji mwenye akili anawaza kitu kidumu, na kikiharibika mtu wa kawaida aweze kukitengeneza pale alipo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikakuambia, wewe umepanda ndege kwenda kufundishwa hilo? Si ungekaa tu jikoni kwangu?

Nawe ukakaa. Hapo ndipo yalipoanzia. Ukachora sufuria zangu moja moja, na vifungo vyake, zile ziba nilizozibia matundu, ukaondoka na ile pana. Baadaye ukapiga simu kwamba umeitundika ukutani shuleni, na mwalimu mkuu wa kazi hiyo amesimama mbele yake muda mrefu, akawaambia wenzako, tazameni, huyu mwanamke hajasoma na anajua tunachotafuta. Mimi niliwaambia wauza mchele wote wa soko. Niliwaambia hata wasioniuliza.

Koko wako mwanaume, mzee Ramazani, Mungu amrehemu, alikuwa anayeyusha sufuria kando ya soko. Wewe ulimkuta mikono imekwisha kuchoka. Alikuwa na shimo lake la makala ya moto, analipuliza kwa gurudumu la baiskeli lililofungwa vipande vya bati, na vyuma vyeupe vilivyokufa, masahani, vifuniko, matumbo ya malori, vinakuwa maji. Anavimimina ndani ya mchanga uliobanwa kwenye sanduku la mbao, kinatoka chombo. Lakini sufuria za mchanga zina ugonjwa wao: baada ya muda zinatoa vitundu, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kuviziba ilikuwa kazi yangu.

Sikufundishwa na mtu. Ilikuwa wakati wa vita. Tulikimbia mji tukapita porini kuelekea Wamaza, sisi na majirani, na sufuria moja kichwani mwangu. Shangazi yako Faida alikuwa mgongoni, hajaota meno. Nikateleza, sufuria ikaanguka juu ya jiwe, ikatoboka. Unajua maana yake? Watu wana mihogo tu ya kuchimba kwenye mashamba yaliyokimbiwa, mihogo michungu, ile ukiila mbichi inakuua, na hawana pa kuchemshia.

Kando ya njia kulikuwa na lori lililoungua. Batri yake ilikuwa imepasuka, ndani mna vipande vya kijivu, vizito, laini hata kisu kinakata. Mzee akavipasha ndani ya kopo la samaki, vikawa maji kabla hata kuni hazijashika vizuri. Akasema, "Sijui kama itakaa." Nikamwambia, "Lete hapa, wewe unasema sana." Nikaweka udongo chini ya tundu, nikamimina, nikagonga juu na chini kwa jiwe mpaka ikawa kama kifungo cha shati. Ikakaa. Tukala kwenye sufuria ile mpaka siku tuliyorudi mjini, na katika wote walioila mihogo yake hakuna mtoto aliyekufa kwa njaa. Nataka ulishike hilo hata ukinikasirikia. Hilo ni kweli, na halifuti lingine, na lingine halilifuti.

Tuliporudi, habari ilikuwa imetangulia. Wanawake walikuja na sufuria zao kutoka Wamaza, kutoka Lusangi, wengine walitoka Kabambare kwa miguu. Waliniita Mama Vifungo. Batri za malori yaliyokufa hazikukosekana, vita ilituachia nyingi. Nilikuwa nawapa sharti moja: usiiweke motoni bila maji, kifungo kitayeyuka. Ndicho kitu pekee nilichokijua juu yake. Na nilikuwa nawaambia kwa majivuno, unanijua, "Sufuria yangu haifi. Utamwachia binti yako." Na kweli, wamewaachia.

Likizo hii ulikuja na uso mwingine. Ukawa unazunguka jikoni, unafunua vifuniko, unapitisha kidole.

"Koko, hivi vifungo ni vya batri?"

"Si unajua."

"Batri ya gari?"

"Ulitaka ya punda?"

Hukucheka. Ukakaa chini pale kwenye kigoda, ukaniambia rafiki yako anayesoma mambo ya dawa alichemsha nyanya na ndimu ndani ya ile sufuria pana, akayapima maji yake kwenye mashine za shule yao. Yalikuwa na risasi. Nikasema risasi ni ya bunduki. Ukasema ni madini hayo hayo, ila haya hayapigi kelele. Kwamba ukali wa nyanya unakila kifungo kidogo kidogo, kinaingia chakulani, mlaji hasikii ladha mbaya wala haumwi siku ile. Mkubwa, inamharibu tumbo na damu. Mtoto, inampanda kichwani, anakua polepole, masomo hayashiki, na alichokipoteza hakirudi.

Nami nikakuambia nini? "Toka jikoni kwangu." Nikasema ninyi mnaosoma mnarudi na magonjwa ndani ya valizi zenu za nguo. Nikasema nimekula humo tangu vita na bado nakushinda kupanda kilima cha mto. Kisha, kwa ubishi, nikakupakulia sombe, majani yetu ya mihogo, kutoka sufuria ile ile yenye vifungo. Na wewe, mjinga mwenye adabu, ukala. Ukamaliza na sahani ukaisafisha kwa tonge. Hilo ndilo lililonishinda. Maneno yako ningeyashinda mimi.

Sasa nitamsema Faida, na hili hatujawahi kulisema sawasawa ndani ya nyumba hii.

Unamjua shangazi yako. Anahesabu sahani kwa kuzigusa. Ukimtuma vitu vitatu sokoni analeta kimoja, tena anacheka. Nilimpeleka shule, mwalimu akamrudisha. Nikampeleka tena, akamrudisha tena. Ndugu zake waliozaliwa kabla ya vita walishika masomo, yeye hapana, na mimi nilimpiga. Nilimwita kichwa cha kuni mbele ya wageni. Nilidhani ni uvivu, nilidhani akiona haya ataamka. Mwajuma, uji wake wa kwanza katika dunia hii aliunywa kutoka ile sufuria ya porini.

Huenda si hiyo. Alipata homa kali kule msituni, huenda ni ile. Huenda Mungu alimwumba hivyo na ana sababu yake. Ulikuwa unaanua nguo nilipokuuliza, unakumbuka, nilikuuliza bila kukutazama: "Mutu anaweza kujua?" Ukasema, "Hapana, Koko. Sasa hakuna wa kujua." Ulisema kweli, na kwa muda mfupi nilikuchukia. Ungenidanganya ningekudharau. Hukuwa na namna nzuri ya kujibu, wala mimi sikuwa na namna nzuri ya kuuliza. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yangu hayakumwagika. Yamenywewa.

Usifikiri nilikaa tu. Nilijaribu, na sikukuambia kwa sababu nilishindwa, na kushindwa sipendi kuonwa. Nilikwenda kwa jirani yetu Mama Salima. Nilimkuta anachambua mchele.

"Mama Salima, ile sufuria yako ya vifungo, usipikie tena."

"Kwa nini?"

"Iko na sumu. Vile vifungo."

Akanitazama kama nimelewa, kisha akamwita dada yake aliye nyuma ya nyumba. "Njoo usikie! Mama Vifungo anasema vifungo vyake iko na sumu!" Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. "Koko, weye ulinizibia hii mwaka wa ndoa yangu. Ulisema nitamwachia binti yangu."

"Nilisema. Leo nasema acha."

"Basi lete ingine."

"Sina ingine."

"Sasa mi nitapikia wapi? Mu mukono?"

Na yule dada yake, mwenye ulimi wa pilipili, akasema, "Ni ule mujukuu wake wa Kinshasa. Utaona, kesho analeta sufuria za kuuza."

Hawakuwa na ubaya. Baadaye Mama Salima akanikaribisha chakula, akapakua kutoka mle mle, watoto wake wote wamezunguka sinia, wananiangalia. Nikala. Ningefanya nini, ningekisukuma chakula cha mtu mbele ya watoto wake? Nikatafuna huku nakufikiria wewe na ile sombe.

Kisha akaja mwanamke wa Wamaza. Ulikuwa umekwenda mtoni. Alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni, sufuria imetoboka chini. Nikamwambia sizibi tena. Akauliza, "Nimekukosea nini, Mama?" Basi nikamkalisha, nikamweleza vizuri, bila kufoka, kama ulivyonieleza wewe. Huyu hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akamweka mtoto sawa mgongoni, akauliza, "Na mihogo nitachemshia nini?" Akaniaga kwa heshima, akaenda kwa yule kijana wa sokoni aliyejifunza kuziba kwa kunitazama. Faida alimfuata akaona. Akarudi akaniambia amezibiwa, tena vibaya, kifungo kimekaa upande. Na mimi, sikia uchafu wa moyo, mkono wangu uliwashwa. Niliwaza, angalau mimi ningeiziba ikakaa.

Najua utasema vyungu vya udongo. Wanawake wa Kizimba waliokuwa wanafinyanga vyungu na kuvileta sokoni, ni nani aliyewaondoa? Ni mzee na mimi. Sufuria zetu hazivunjiki, nani abebe chungu? Wale mama waliacha, mabinti zao hawakujifunza, nasi tulifurahi kwamba kazi inakwenda. Leo nimetafuta mji mzima chungu cha kupikia, nimepata kimoja kwa bibi mmoja anayehifadhia maji. Chakula chako cha njiani nimekipika humo. Kimeungua chini kwa sababu nimesahau moto wa chungu, huo si wa kukimbizana nao. Utakula hivyo hivyo, na usimpe motari sehemu nzuri.

Sasa nirudi kwenye vikapu vyako.

Jana uliposema unaacha, nilifurahi. Usije ukadhani koko wako ni malaika. Nilisema moyoni, jina langu limebaki, mzee ataachwa alale, na huko Kinshasa hakuna atakayesema familia ile iliwalisha watu sumu. Nililala kama mtu aliyetua gunia. Asubuhi nikatoka uani nikamkuta Faida amekumbatia sufuria, anakomba ukoko wa ugali kwa kucha, pale pale penye kifungo, na anaimba. Nikaipiga sufuria teke. Ikabiringika mpaka kwenye ukuta. Akalia, akanitazama kama anavyonitazama siku zote, anatafuta amekosa nini. Tena, Mwajuma. Nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe na bado namliza kwa kitu asichokijua.

Kwa hiyo vikapu waachie wengine. Wewe andika sufuria.

Unaacha kwa ajili yangu, nimeona, si kipofu. Unadhani unaniheshimu. Heshima hiyo ni kama ile sombe uliyoila, umemeza kitu kibaya ili mimi nisione haya. Sikutaka uile. Nilitaka uitupe, na sikuwa na mdomo wa kukuambia utupe.

Lakini uniandike vizuri. Usiniweke kama mchawi. Wala usiniweke kama mama maskini asiyejua kitu, watu wa Kinshasa wakatikisa vichwa na kunionea huruma, hilo litaniudhi kuliko uchawi. Nilikuwa fundi. Kitu nilichokiziba kilizibika. Andika lori na mihogo michungu. Andika kwamba Mama Salima ameuliza apikie wapi, usilifiche swali lake kwa kuwa halina jibu. Na yule mwalimu wako aliyesimama mbele ya ukuta, anayependa vitu visivyokufa, mwambie hizi hazikufa. Zipo juu ya mafiga saa hii ninayoandika, kutoka hapa mpaka Wamaza, zinachemka, nami siwezi kuzifuata nyumba kwa nyumba, na hata nikizifuata nitachekwa na kukaribishwa kula.

Nguo usiniletee. Nguo ninazo za kunitosha mpaka kaburini. Nitafutie kitu cha kuziba tundu. Kisiliwe na nyanya wala ndimu, kipatikane Wamaza bila kungoja ndege, na kifanyike kwa kuni na jiwe, kwa mkono kama huu wangu. Ndicho nataka uchore. Mimi nimejaribu tangu siku ile bila kukuonyesha. Udongo umepasuka. Gundi ya baiskeli imeungua ikanuka hadi kwa jirani. Nimepiga kipande cha sufuria nyingine kama msumari, nikakiponda pande zote mbili, kimekaa vizuri kwa macho, na maji yanapita. Nimefika mwisho wa akili yangu. Haikuwa ndefu, lakini nilikuwa sijawahi kuufikia.

Huenda na wewe usikione. Huenda hakipo. Basi uniambie hakipo, kwa mdomo wako, hata kwa simu, usininyamazie kwa adabu. Maana kile kifungo cha upande hakitakaa. Yule mwanamke atatembea tena kutoka Wamaza na mtoto mgongoni, atapita kwa kijana wa sokoni, aje mpaka mlangoni kwangu, kwa sababu anajua nani huziba vizuri. Ataniuliza lile swali lake. Nami nyundo ipo, moto upo, batri ipo nyuma ya nyumba, na neno la kumpa sina.

Koko wako